Kufundisha Kiingereza kwa msaada wa mtandao Tanga: kipi cha simu moja, kipi cha simu thelathini

Kabla hujauliza tovuti ipi ni bora, hesabu simu. Darasa la sekondari ya kutwa hapa Tanga lina simu moja, nayo ni ya mwalimu, maana mwanafunzi haruhusiwi kuja na yake. Tuisheni ya jioni Ngamiani huwa na simu nne au tano, baadhi zimeazimwa kwa kaka na zinasubiriwa nyumbani. Darasa la watu wazima ni jingine kabisa: vijana wanaowania kazi bandarini au kwenye mradi wa bomba la mafuta ghafi linaloishia Chongoleani, pamoja na wale wanaotembeza wageni kwenye mapango ya Amboni. Hao kila mmoja ana simu janja mfukoni, ila bando lake lina siku zake.

Vifaa vingi vya kufundishia Kiingereza mtandaoni vilibuniwa kwa darasa ambalo si lolote kati ya hayo matatu: kila mtoto na kompyuta yake, mtandao haukatiki, projekta inaning'inia darini. Mwalimu wa Makorora akifuata orodha zilizoandikwa kwa ajili ya darasa hilo, atajaza simu yake programu mpaka nafasi iishe na Jumatatu ataingia na chaki tu.

Ninalinganisha hapa vile ambavyo mwalimu wa kwetu hujikuta kweli akichagua kati yake, na nasema ningechukua kipi, kwa darasa lipi. Upande wangu nauweka wazi mapema ili msomaji anipime: nakipenda chombo kinachopita mkononi mwa mwalimu kabla ya kumfikia mwanafunzi, na nakitilia shaka kile kinachoahidi kufundisha badala yake.

Kusikiliza: BBC Learning English au VOA Learning English

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu kusikiliza ndiko tunakokupuuza. Mtihani wa Kiingereza wa Kidato cha Nne ni wa kuandika, kwa hiyo kijana anaweza kumaliza miaka minne akiwa amesikia Kiingereza cha mwalimu wake tu, na mwalimu mwenyewe nusu ya kipindi anafafanua kwa Kiswahili. Siku anapokutana na mhandisi mgeni bandarini, maneno anayajua karibu yote, ila hayasikii.

BBC imekuwa ikifundisha Kiingereza redioni tangu 1943, na kipindi chake kinachojulikana zaidi mtandaoni ni 6 Minute English. Watangazaji wawili, mada moja, swali la kubahatisha mwanzoni ambalo jibu lake linakuja mwishoni, na maneno kadhaa yanayofafanuliwa njiani. Chini yake kuna maandishi ya mazungumzo yote, na sauti inapakuliwa. Uzuri wake ni kwamba wale watu wanazungumza kweli: mmoja anamdakia mwenzake, anacheka, anauliza tena. Ubaya wake unatoka hapo hapo. Katikati huchomekwa sauti ya mtaalamu kutoka kipindi kingine cha redio, kwa kasi yake ya kawaida na lafudhi yoyote ile, na hapo Kidato cha Pili kinapotea chote. Utani wao nao unahitaji uwe umeishi kwao.

VOA, yaani Sauti ya Amerika, redio ya serikali ya Marekani, ilishika njia nyingine. Oktoba 1959 ilianza matangazo iliyoyaita Special English: msamiati wa msingi wa maneno kama 1,500, sentensi fupi zenye wazo moja moja, na msomaji anayekwenda kwa takriban theluthi mbili ya kasi ya kawaida. Jina lilibadilika baadaye, mtindo ukabaki. Kwa anayekijua Kiingereza inachosha haraka. Kwa mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyesoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili, na sasa Baiolojia na Jiografia zimemgeukia Kiingereza kwa mkupuo, ni nafuu kubwa.

Kasi hiyo ndogo inatufaa sisi kwa sababu yetu wenyewe. Mtoto wa Tanga hana taabu na sauti inayoanza "think" wala ile inayoanza "this"; thelathini na dhahabu zimo kinywani mwake tangu utoto, na madrasa imezikaza. Mazoezi mengi ya matamshi mtandaoni yamejaa sauti hizo mbili kwa sababu Mfaransa na Mjerumani zinawashinda, na sisi tunapoteza muda kuzirudia. Shida yetu iko kwenye irabu. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zinazokaribia ishirini, ukihesabu na zile za kuungana. "Ship" na "sheep" zinakuwa kitu kimoja, "full" na "fool" vile vile, na "bad", "bud" na "bird" zote zinaishia kuwa "bad". Kwa msomaji anayekwenda taratibu, tofauti hizo zinashikika. Kwa watangazaji wawili wanaochangamkiana, zinapita kabla sikio halijajipanga.

Jambo jingine ni haki ya kunakili. Habari zilizotungwa na VOA yenyewe ni mali ya umma: unaweza kuzichapa, kuzikata, kuzirekebisha, kuzigawa darasani hata kuzitia kwenye kijitabu chako. Masomo ya BBC yana hakimiliki; yatumie kufundishia, waelekeze wanafunzi kwenye kiungo, lakini usiyafanye kijitabu cha kuuza pale steshenari.

Udhaifu mkubwa wa VOA leo ni uhai wake. Machi 2025 shughuli zake zilisimamishwa kwa amri ya serikali ya Marekani, kwa hiyo usiitegemee ikupe habari za wiki hii. Ichukulie kama ghala: pakua unachokiona kinafaa, kihifadhi kwenye memori kadi, usingoje.

Basi kwa Kidato cha Kwanza na cha Pili, na kwa watu wazima wanaoanza, ningechukua VOA. Kuanzia Kidato cha Tatu, na kwa kijana anayejiandaa kwa usaili, BBC, kwa sharti kwamba mwalimu anakata. Dakika sita ni nyingi mno. Chagua sekunde tisini. Mara ya kwanza wasikilize madaftari yamefungwa. Mara ya pili maswali matatu yawe ubaoni. Mara ya tatu, imla ya sentensi mbili, kisha ndipo watoe maandishi na kujisahihisha. Imla tumeiacha kwa kuiona ya kizamani, lakini ikitoka kwenye mdomo wa mtu ambaye si mwalimu wao inakuwa kazi mpya: mwanafunzi anagundua mwenyewe kwamba maneno aliyoyadhani yametenganishwa na nafasi, yanatamkwa yameshikana.

Kuhusu gharama, faili ya sauti ya dakika sita ni kama MB 6 tu. Video ya muda huo huo hula mara kadhaa ya hapo, na kinachoongezeka ni nyuso za watangazaji. Pakua sauti. Na walimu wanaoniuliza kama lafudhi ya Marekani itawaharibu watoto, sioni uzito wa swali hilo. Angalia tahajia tu: shule zetu zinaandika "colour", hivyo rekebisha maandishi ya VOA kabla hujayatoa kopi.

Kusoma: Breaking News English, LearnEnglish, au African Storybook

Breaking News English imetungwa tangu 2004 na mwalimu mmoja, Sean Banville, na inaonekana hivyo: haina urembo, inafunguka hata mtandao ukiwa dhaifu. Ubora wake ni kwamba habari moja huandikwa kwa viwango kadhaa. Katika darasa lenye watoto wa shule za Kiingereza waliochanganyika na waliotoka Mabokweni, unawapa nusu kiwango cha chini, nusu cha juu, kisha wanajibu maswali yale yale. Tahadhari moja: masomo yake ya kuchapa huja na kurasa nyingi sana za mazoezi. Toa kopi ukurasa mmoja au miwili, usimfanye mwenye steshenari akuone mteja wa mwaka.

LearnEnglish ya British Council imepangwa vizuri kuliko zote nilizotaja, kwa ngazi za A1 (anayeanza) hadi C1 (aliyebobea), na mazoezi yanajisahihisha yenyewe. Mpangilio huo unamfaa mtu mzima anayejifunza peke yake usiku baada ya kazi; anajua yuko wapi na kinachofuata ni nini. Darasani haisaidii sana, kwa kuwa kila zoezi linataka mtu awe mtandaoni na kioo chake mbele yake. Mwalimu mwenyewe anayetaka kunoa sarufi yake ataipenda. Wapo wanaoona haya kusema hivyo. Mimi nadhani ndio watumiaji wake wazuri zaidi.

African Storybook ni ya walimu wa msingi, na Kidato cha Kwanza katika wiki zile za mwanzo. Ni mradi ulioanzishwa Afrika Kusini na kuanza kazi 2014, wenye hadithi fupi za picha katika lugha nyingi za Afrika. Hadithi hiyo hiyo, kwa picha zile zile, unaweza kuikuta kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Unasoma ya Kiswahili leo, kesho unarudi na ya Kiingereza. Mtoto anajua tayari kuku amekwenda wapi, kilichobaki ni kusikia Kiingereza kinalisemaje. Leseni yake ni huria, inaruhusu kuchapa na kutafsiri, kwa hiyo mwalimu wa Lushoto anaweza kuiweka kwa Kisambaa bila kumwomba mtu. Ukipeleka hadithi hizo Kidato cha Tatu watakucheka, na watakuwa na haki.

Msamiati: Duolingo au Anki

Tanga husemwa waja leo, kuondoka majaaliwa. Programu za kujifunzia lugha ni kinyume chake: mwanafunzi anaiweka leo akiwa na hamu, baada ya muda si mrefu anaifuta apate nafasi ya video. Duolingo imelijua tatizo hilo na imejengwa kulipiga vita, kwa kuhesabu siku mfululizo, kengele za kukumbusha, pointi na ligi. Inafanya kazi kwa wenye tabia ya michezo. Mwalimu lakini hana nafasi humo. Hachagui maneno, hachagui sentensi, na sentensi zenyewe zinaweza kuwa za hoteli na mbwa wa kufugwa ndani wiki ambayo darasa liko kwenye barua rasmi.

Anki haina mvuto hata kidogo. Ni kadi: upande mmoja swali, upande wa pili jibu, nawe unaiambia kama ulikumbuka kwa urahisi au kwa taabu. Kilichokaribia kusahaulika kinarudi mapema, kilichokaa kinarudi baada ya wiki au miezi. Msingi wake ni wa zamani. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha utafiti wake kuhusu kusahau mwaka 1885. Kwenye Android inaitwa AnkiDroid, ni bure, haitaki akaunti, na inafanya kazi bila mtandao. Kwenye iPhone inalipiwa. Seti ya kadi ni faili moja unayoweza kumtumia mtu kwa WhatsApp au bluetooth.

Hapo ndipo mwalimu anapopata mkono. Unatengeneza seti ya maneno ya sura ya wiki hii, unarekodi sauti yako au ya mtu mwenye matamshi mazuri, unawagawia. Kijana wa Amboni anapata seti ya "limestone", "bat", "narrow", "mind your head". Wa bandarini anapata "crane", "cargo", "shift". Hakuna programu iliyotengenezwa nje itakayokupa seti hizo mbili zikiwa zimetenganishwa namna hiyo.

Ningependekeza Anki kwa watu wazima na kwa mwalimu, bila kusita. Duolingo ningemwachia mwanafunzi aliyeipenda mwenyewe, bila kumvunja moyo. Sekondari, ambako simu hamna, kadi za manila zilizokatwa kwa mkasi na kupangwa katika viboksi vitatu, cha kila siku, cha kila wiki na cha kila mwezi, zinafanya kazi ile ile ya Anki, na umeme ukikatika haziathiriki.

Chemsha bongo: Kahoot! au Plickers

Kahoot! ilitoka Norway 2013 na kila mwalimu aliyewahi kwenda semina ameiona: swali ukutani, wanafunzi wanabonyeza rangi kwenye simu zao, muziki unapanda, jina la anayeongoza linatokea. Furaha yake ni ya kweli. Inahitaji kioo kikubwa ambacho wote wanakiona, kifaa kwa kila mtu au kila kikundi, na mtandao unaobeba wote kwa pamoja. Mmoja akikatika, mchezo umemtoka. Toleo la bure nalo lina kikomo cha washiriki. Jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba inalipa pointi kwa haraka, na anayesoma Kiingereza polepole ndiye yule uliyetaka kumsaidia.

Plickers inatumia simu moja, ya mwalimu. Kila mwanafunzi ana kadi ya karatasi yenye umbo jeusi kama mraba uliokatwakatwa, na pande zake nne ni A, B, C na D. Unauliza, wanainua kadi wakiwa wameigeuza upande wa jibu lao, unapitisha kamera ya simu juu ya darasa, na inasoma kila kadi ni ya nani na amejibu nini. Seti ya kawaida ina kadi 40, na ipo ya 63. Unazichapa mara moja, unazibandika kwenye karatasi ngumu. Huwezi kumwigiza jirani kirahisi, kwa sababu kadi yake haifanani na yako. Mtandao unahitajika kwenye simu yako tu. Toleo la bure linabana idadi ya maswali kwa kila seti, lakini maswali machache yaliyofikiriwa yanatosha kujua kama somo limeingia.

Hapa sina kigugumizi: Plickers kwa sekondari na tuisheni. Kahoot! iache kwa shule yenye maabara ya kompyuta inayofunguliwa. Nasema inayofunguliwa kwa sababu zipo zenye kufuli tangu siku ya uzinduzi.

Kuendesha darasa: WhatsApp au Google Classroom

Google Classroom, iliyoanza 2014, ina utaratibu ambao WhatsApp haitaupata: kazi ina tarehe yake, alama zinakaa mahali pake, jana haifunikwi na leo. Kwa shule inayowapa wanafunzi akaunti na kompyuta, ichukue, wala usisome sehemu hii.

Kwa darasa la watu wazima la jioni ningebaki na WhatsApp, na sababu yangu ni kuzungumza. Kati ya vyote nilivyotaja, hakuna kinachomfanya mwanafunzi afungue mdomo kama ujumbe wa sauti. Mwanafunzi anapewa kazi: mwelekeze mgeni kutoka stendi ya Kange hadi hospitali ya Bombo, dakika moja. Anarekodi, anajisikiliza, haridhiki, anafuta, anarudia. Hapo kwenye kurudia ndipo anapojifunza, na mwalimu hakuwepo hata kuona. Sauti ya dakika moja haifiki MB 1. Wale ambao darasani huinamisha kichwa wakiitwa, kwenye sauti wanafunguka, hasa akina dada na akina mama waliorudi shule wakiwa watu wazima.

Ila usiwe na grupu moja tu la wote. Ukilifungua, kila aliyemo anaona namba ya kila mwenzake, na binti wa darasa lako ataanza kupata ujumbe wa usiku ambao hauhusiani na sarufi. Tumia orodha ya matangazo: unatuma mara moja, kila mmoja anapata kwake peke yake, na majibu yanarudi kwako tu. Orodha moja inachukua watu hadi 256. Sharti ni kwamba kila mwanafunzi awe ameihifadhi namba yako, vinginevyo ujumbe haumfikii; fanyeni hilo siku ya kwanza darasani, mkiwa mmeshika simu. WhatsApp pia haimruhusu aliye chini ya miaka 13, kwa hiyo watoto wa msingi wasiingizwe kabisa. Wazazi wao ndio wa kutumiwa ujumbe.

Na weka saa ya kufunga. Mwalimu anayejibu sauti saa tano usiku atajikuta ana wanafunzi arobaini saa tano usiku.

Mtihani

Kwa mitihani iliyopita ya NECTA, Maktaba ya TETEA ina mkusanyiko mzuri unaopakuliwa bure. Kwa vitabu vya kiada, nenda Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Hizi hazishindani, moja ina maswali, nyingine ina kitabu maswali yanakotoka. Tovuti za nje nilizozilinganisha hapo juu hazijui muhtasari wetu na hazitakuandalia Kidato cha Nne. Mzazi akikuuliza kwa nini mwanawe anasikiliza redio ya Waingereza badala ya kufanya maswali, swali lake ni halali, mwonyeshe ratiba yenye vyote viwili.

Akili mnemba au kalamu yako

Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, na nyingine kama Gemini zikafuata, walimu wengi wameacha kutafuta matini, wanaomba. Kwa kurahisisha inasaidia mno. Unaipa aya ngumu, unaiambia iandike kwa maneno rahisi, sentensi zisizozidi maneno kumi, na maswali matano. Kazi ya jioni nzima inakwisha kabla chai haijapoa.

Kwa kutunga habari za kwetu, iangalie. Ukiiomba ikuandikie habari ya Tanga bila kuipa chochote, huwa inatia mapambo: kijiji ambacho hakipo, idadi ya watu iliyobuniwa, mzee mmoja chini ya mwembe anayetoa hekima. Na inayasema hayo kwa uhakika ule ule inaosemea ukweli. Mgawanyo ninaoupendelea ni huu: mambo yatoke kwangu, lugha iirahisishe yenyewe. Naipa kwamba mkonge uliletwa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida, na mimea 62 tu ikafika hai. Au kwamba Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililotoka India lilitua Tanga, likashindwa na kikosi cha Paul von Lettow-Vorbeck, huku makundi ya nyuki yakiwavamia askari vitani. Habari ya nyuki hakuna darasa linalosinzia, na anayetembeza wageni atailipwa. Kisha nasoma kilichotoka, mstari kwa mstari, kabla hakijafika ubaoni.

Pia inatunga mazoezi ya makosa yetu, ambayo vitabu vya nje haviyajali. Kiswahili kinatumia "yeye" kwa mwanamume na mwanamke, ndiyo maana hata kijana hodari anasimulia habari za mama yake kwa "he". Iambie itunge kisa cha Halima na kaka yake chenye nafasi ishirini za kujaza "he", "she", "his" au "her". Ikishindwa kupatia mara ya kwanza, irekebishe. Kuzungumza nayo kwa sauti kama rafiki wa mazoezi kunawezekana kwa mtu mzima mwenye bando la kutosha, na baadhi ya wanafunzi wangu wanapenda kwamba haiwacheki. Haiwasahihishi ipasavyo pia: inaelewa Kiingereza kibovu na kuendelea na safari, jambo ambalo mhandisi wa bandarini hatalifanya.

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja

Usilipie toleo la malipo la programu yoyote kati ya hizi mwaka wa kwanza. Nunua spika. Iwe na betri inayobeba vipindi vya asubuhi vyote, na iwe na tundu la memori kadi, si bluetooth pekee, ili simu ikiisha chaji au ikipigiwa na mkuu wa shule katikati ya imla, somo liendelee. Ijaribu dukani pale pale kwa kucheza sauti ya mtu anayeongea, maana wauzaji hujaribishia muziki, na spika yenye besi nzito inayotikisa kaunta ndiyo hiyo hiyo inayoyameza maneno ukiifikisha darasani. Simama mlangoni mwa duka, mwache muuzaji abaki nayo ndani, na usikilize kama "ship" na "sheep" zinakufikia zikiwa mbili.